Nilishinda Shindano la Moto kwa Mishumaa ya Altare

Asifiwe Mungu Baba, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma, na bado na aibu ya kutosha kuungama dhambi zangu. Asifiwe kwa mvua na kwa jua, kwa kuni kavu na kwa kuni mbichi. Hasa kwa kuni mbichi, maana ndizo zilizonionyesha mimi ni mtu wa namna gani.

Nimekosa, ndugu msomaji. Naanza hapo hapo ili nisipate nafasi ya kujipamba. Mimi, katekista wa miaka zaidi ya thelathini, babu wa wajukuu tisa, shefu wa skauti wa parokia yetu hapa Uvira, nilichukua vibaki vya mishumaa ya altare nikavitumia kushinda shindano la watoto. Halafu nikanyamaza, mtoto wa watu akabebeshwa kosa langu.

Haya, nimesema! Sasa kaa, nikueleze yalivyokuwa.

Ushefu sikuutafuta. Kijana aliyekuwa akiwaongoza skauti wetu alipata masomo Bukavu akaondoka. Padri akaita kikao cha wazee, akatuangalia mmoja mmoja, na macho yake yakatua kwangu.

“Mwalimu,” akasema, maana nilifundisha shule ya msingi kabla ya kustaafu, “weye uko na sauti.”

Sauti nilikuwa nayo. Magoti ndiyo sikuwa nayo.

Siku nilipovaa kaptura ya kaki kwa mara ya kwanza, mke wangu, Mama Riziki, aliketi kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu.

“Baba Riziki! Hii miguu ulikuwa umeificha wapi miaka yote? Ningeiona mapema, ningemukubali yule fundi wa mashua wa Kalundu!”

Fundi huyo yupo, na habari zake zinakuja.

Basi nikaanza. Kila Jumamosi alasiri tulikutana katika ua wa kanisa, maana uwanja wetu wa zamani kando ya ziwa ulikwisha kumezwa na maji. Watoto ishirini na wanne! Mimi niliwafundisha nyimbo na habari za watakatifu. Wao walinifundisha yaliyobaki: kusoma alama za njia, kusimamisha hema, kufunga kamba.

Mwalimu wangu wa kamba alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Nitamwita Neema, silo jina lake. Alikuwa mkuu wa kikosi chetu bora, na hakuwa na subira hata kidogo na vidole vyangu.

“Shefu, kamba iko napita chini. Chini! Juu ni ya kufungia mbuzi.”

“Nimezeeka, mwanangu.”

“Kamba haiulizi muntu miaka, Shefu. Rudia.”

Nikarudia. Lile fundo lake likawa fundo pekee ninaloweza kulifunga hata nikiwa nimefumba macho. Kumbuka fundo hilo.

Neema alitumikia altareni pia. Kila Jumapili baada ya misa ndiye aliyezima mishumaa kwa ile fimbo ndefu yenye kofia, kisha akakusanya vibaki katika kopo la maziwa la sakristia. Mama yake aliuza mandazi Kilibula, na alikuwa amekwisha kumshonea shati la kaki. Lilikuwa limetundikwa ukutani nyumbani kwao, halijaguswa, likingoja sikukuu ya parokia. Siku hiyo mtoto husimama mbele ya watu wote, hutoa ahadi yake ya skauti, na shefu humfunga fulari, kile kitambaa cha shingoni. Kwa mtu asiyejua, ni kitambaa. Neema alikuwa amekingoja miaka miwili.

Sasa tuje kwa fundi wa mashua. Anaitwa Anatole, tulisoma naye darasa moja, na ndiye shefu wa skauti wa Kalundu. Ee Mungu wangu, mtu huyo! Watoto wake wamezaliwa bandarini, kamba wameijua kabla ya kujua kusoma. Katika mashindano yetu ya kila mwaka walikuwa wametushinda mara mbili mfululizo, na mshindi ndiye anayebeba bendera kubwa mbele ya maandamano siku ya sikukuu. Mara mbili tulitembea nyuma ya bendera ya Kalundu tukila vumbi lake. Na Anatole si mtu wa kushinda kimya kimya.

“Mwalimu!” alinipigia kelele mbele ya watu. “Watoto wako wanafunga kamba kama ya mbuzi mugonjwa! Mbuzi anajifungua mwenyewe, anaenda zake, anakuaga!”

Nilimjibu kwa upole kwamba wenye kujikweza watashushwa. Mdomo ulikuwa wa katekista. Moyoni nilitamani ashushwe mwaka uleule!

Safari hii shindano la mwisho lilikuwa la moto, katika shamba la muumini mmoja kule Nyakabere. Kikosi kimoja kwa kikosi kimoja. Kila kikosi kinapewa njiti moja tu ya kibiriti na kifurushi kimoja cha nyasi kavu. Kuni watoto wanazitafuta wenyewe. Maji yakichemka kwanza kwenye sufuria yako, umeshinda.

“Nani atafunga majani?” padri akauliza.

Anatole hakufikiri hata kidogo. “Afunge katekista. Huyu hawezi iba.”

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Nami nikakubali, nikainamisha macho kwa unyenyekevu kama sanamu ya mtakatifu. Kumbe!

Mvua ilinyesha karibu wiki mbili. Ijumaa, siku moja kabla, niliingia sakristia kupanga vitabu vya masomo. Lile kopo la maziwa lilikuwa rafuni, limejaa. Nikaliangalia. Likaniangalia.

Usidhani Shetani alinijia na pembe. Alinijia na katekisimu! Aliniambia: “Mishumaa hii imekwisha kumtumikia Bwana. Sasa itawatumikia watoto wake. Ubaya uko wapi?” Nilitafuta ubaya, na kwa kuwa sikutaka kuuona, sikuuona. Nikajaza mfuko wa kaptura.

Nyumbani Mama Riziki alikuwa ameenda sokoni. Nikachukua kisu chake cha jikoni, nikakwangua ile mishumaa kama mtu anayekwangua muhogo. Unga wote mweupe nikauchanganya ndani kabisa ya kifurushi kimoja cha nyasi. Nikasikia watu barabarani, nikadhani ni yeye anarudi, nikakisukuma ndani kibaki kimoja kizima, na utambi wake. Kifurushi cha Kalundu nikakifunga ovyo ovyo. Chetu, ili nisikikosee, nikakifunga kwa fundo moja ninalolijua.

Fundo la Neema. Ndiyo. Wizi wangu niliutia sahihi ya mtoto.

Jumamosi asubuhi Nyakabere ilikuwa imelowa kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Watoto walikimbia huku na huku kutafuta vijiti chini ya vichaka, wakarudi na matope mpaka masikioni. Nikagawa vifurushi kwa mikono yangu. Neema akapiga magoti mbele ya mafiga matatu, akapanga vijiti vyake kwa ustadi kweli, vyembamba ndani, vinene nje, akakinga upepo kwa mgongo wake. Akawasha njiti.

Moto ulipanda! Haukuuliza habari za mvua. Upande wa Kalundu kulikuwa na moshi, kikohozi na lawama. Upande wetu sufuria ilianza kuimba. Maji yalipochemka watoto wetu walirukaruka wakapiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakahama. Nami nikaruka. Goti likalia ka! sikujali. Nilimwangalia Anatole kwa macho ambayo hayamfai mtu wa sala.

Hapo ndipo ningekwenda nyumbani na dhambi moja. Lakini skauti, ndugu yangu, ana kanuni: akiondoka mahali, asiache hata alama. Tukazima moto, watoto wa pande zote mbili wakaanza kusafisha. Msichana mmoja wa Kalundu akainua jiwe moja la mafiga yetu. Chini yake palikuwa na tone kubwa jeupe limeganda, na katikati yake utambi mweusi.

Anatole akaliokota. Akalinusa.

“Hii moto,” akasema, “iko nanukia misa.”

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

“Ni nani iko nazima mabuji kanisani kwenu?” yule msichana akauliza. Buji kwetu ni mshumaa.

Watoto wetu hawakutaka kumwangalia Neema. Lakini macho ya mtoto hayana breki. Wote walimwangalia, kisha wote wakaangalia chini.

Anatole akanigeukia. Hakunigeukia kama mshitakiwa, angalau ningejitetea! Alinigeukia kama shahidi.

“Mwalimu, weye ndiye ulifunga majani. Ndani mulikuwa kitu?”

Mungu alinipa nafasi pana kama ziwa. Niliiona yote. Niliona vilevile kaptura yangu, nywele zangu nyeupe, padri, wazazi, miaka thelathini ya “Huyu hawezi iba.”

“Ni majani tu,” nikasema.

Maneno matatu! Nimefundisha amri za Mungu kwa vizazi viwili, na ya nane niliivunja kwa maneno matatu, asubuhi, mbele ya watoto arobaini.

“Shefu,” Neema akasema, akinigeukia, “haki ya Mungu, siko minye, si mimi. Nakupa neno ya skauti.”

Nami nikamjibu nini? Nikaiangalia sufuria nikasema, “Tutaongea, mwanangu.”

Tutaongea! Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujificha chini ya kitanda.

Bendera ilirudi Kalundu. Wakubwa tukaketi tukaamua kwamba Neema asitoe ahadi sikukuu hiyo mpaka aseme ukweli, na apumzike kutumikia altareni. Uamuzi uliandikwa karatasini. Mwandiko mzuri, wa mwalimu. Wangu.

Siku iliyofuata, mchana, Mama Riziki alikuwa anakata kitunguu. Akasimama. Akakileta kisu puani.

“Baba Riziki, kisu changu kiko nanukia Pasaka.”

“Labda kiligusa mshumaa siku umeme ulipokatika.”

“Ndiyo,” akasema. “Labda.”

Habari za Nyakabere zilikuwa zimeshafika mjini kabla yetu, na mke wangu ana akili mbili, yake na yangu. Hakuuliza tena. Lakini tangu mlo ule, kisu kile hakikuoshwa. Kila chakula alichoniandalia alikiweka kando ya sahani yangu, na utando wake mweupe. Ugali na kisu. Ndagala na kisu. Asubuhi moja aliniletea uji, kisu kando.

“Mama Riziki, uji unakatwa na kisu?”

“Siwezi jua, mume wangu. Labda ndani muko kitu.”

Nilikunywa uji ule kama mtu anayekunywa misumari.

Wiki ya pili mama yake Neema alikuja nyumbani, na beseni la mandazi bado kichwani, akimvuta binti yake mkono. Nilidhani nimegunduliwa. Nakwambia kweli, nilifurahi! Lakini hakuja kunilaumu.

“Mwalimu,” akasema, “huyu mutoto amekuwa mugumu kama jiwe. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa fimbo. Anasema ile ile tu. Tafazali, weye unajua njia ya Mungu, mumuombee aseme kweli.”

Ungefanya nini? Najua ungefanya nini. Wewe ni mtu mwema. Mimi niliweka mkono wangu juu ya kichwa cha mtoto yule, mkono uleule uliokwangua mishumaa, nikafumba macho nikamwomba Mungu aufungue mdomo wa anayeficha ukweli. Niliomba vizuri. Mama alilia.

“Amina,” Neema akasema kwa sauti kubwa. Kisha akaniangalia. “Shefu, Mungu amesikia?”

“Amesikia, mwanangu.”

“Basi minye nangojea.”

Wakaenda zao. Waliniachia mandazi manne kwa shukrani. Sikuweza kuyala. Mama Riziki aliyaweka mezani, kisu kando.

Nimeambiwa na wengine kwamba Mungu hajibu haraka. Ndugu, sala ile ilijibiwa siku ya kumi, na anayeficha ukweli alifunguliwa mdomo kweli, tena hadharani!

Sikukuu ya parokia ilifika na jua safi. Nilipokuwa navaa, Mama Riziki akaja na kisu kimeviringishwa kitambaani, akainama akakichomeka katika soksi yangu ndefu.

“Skauti anaweza kwenda bila kisu?” akaniuliza. Akanifunga fulari vizuri, akanipigapiga kifuani, akatoka mbele yangu kwenda kanisani.

Baada ya misa tukasimama uani. Anatole na watoto wake mbele na ile bendera. Watoto wangu sita wa ahadi katika mstari, mashati yao mapya yananyooka kama karatasi. Na kule ukutani, kando ya mama yake, Neema katika gauni la kawaida. Alikuja! Angeweza kubaki nyumbani kulia. Alikuja kuwapigia makofi wenzake.

Mtoto wa kwanza akasogea. Kazi ya shefu ni kutamka maneno ya ahadi, mtoto akiyafuata. Yanaanza, “Kwa heshima yangu.”

“Kwa heshima,” nikasema.

Ulimi ukakataa.

“Kwa heshima,” mtoto akafuata. Akangoja. Akadhani mzee amesahau, akaninong'oneza kwa huruma, “Shefu, inafuata ‘yangu’.”

Inafuata yangu! Na yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa chini ya jiwe Nyakabere.

Nikainama nikachomoa kisu katika soksi. Padri akarudi nyuma hatua mbili, msinicheke, hata mimi ningerudi. Nikakiinua juu watu waone ule utando mweupe.

“Wakristo,” nikasema, “ile mishumaa niliikwangua mimi. Kwa kisu hiki. Niliificha katika majani, nikafunga kwa fundo alilonifundisha Neema, nikasema ni majani tu. Neema hakujua kitu. Neema alisema kweli tangu siku ya kwanza.”

Nikavua fulari yangu nikaiweka mikononi mwa padri, nikavuka ua mzima mpaka ukutani, nikapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kwetu mzee hapigi magoti mbele ya mtoto. Wanawake wengine waliguna. Magoti yangu nayo yaliguna.

“Neema, nimekukosea. Nisamehe.”

Aliangalia magoti yangu ardhini. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

“Mwambie mama. Sema tena.”

Nikamgeukia mama yake nikasema tena, yote, tangu kopo la maziwa. Mama alijifunika uso kwa kitenge.

“Nilimuchapa, Mwalimu,” akasema chini ya kitambaa. “Nilimuchapa kwa ajili yako.”

Hilo, ndugu msomaji, ndilo silipatii mzaha wowote. Nimelitafutia, sikupata.

Padri alitaka kurekebisha mambo palepale. Akamwambia mtu mmoja akimbie Kilibula alete lile shati, Neema atoe ahadi pamoja na wenzake. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Neema akatikisa kichwa.

“Leo hapana, Padri. Aksanti.”

Akamshika mama yake mkono wakaondoka. Vigelegele vikafa hewani. Niliwaangalia mpaka wakapotea barabarani, bado nimepiga magoti, maana sikuweza kunyanyuka peke yangu. Aliyekuja kuninyanyua ni Anatole.

Nilipoteza nini? Ushefu ulikwenda siku ileile. Ukatekista ulipumzishwa mwaka mmoja. Padri aliniambia kwamba nikitaka kubaki na skauti, nianze upya kama mgeni, nyuma kabisa ya mstari, na watoto wa miaka kumi na mmoja, mpaka nifaulu majaribio yote. Nikasema nataka. Sokoni wakanipa jina. Mpaka leo naitwa Babu Buji. Nikipita, akina mama wenye kuuza mishumaa wananiitia, “Babu Buji, karibu! Lakini usipeleke kampi!” Nawapungia mkono. Jina nimelipata kwa jasho langu.

Anatole alikuja kunitembelea na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizofungwa kwenye jani, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akawa mtu mzima ghafla.

“Minye nilijua, Mwalimu. Siku ile ulijibu mutoto ukiangalia sufuria. Lakini nikasema, katekista? Haiwezekani. Nikaamini nywele zako nyeupe, nikaacha neno ya mutoto.” Akatikisa kichwa. “Hiyo ni dhambi yangu, utaniachia hiyo.”

Mama Riziki akamkaribisha chakula. Kisu kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa. Alikiosha siku ya sikukuu, kabla sijafika nyumbani.

“Na ile miguu?” Anatole akamuuliza, akinionyesha. “Hujutii?”

“Miguu bado mibaya,” akasema mke wangu. “Lakini imejua kupiga magoti.”

Neema hakurudi kwetu. Miezi ilipita. Kisha nikasikia kwamba kila Jumamosi anatembea kutoka Kilibula mpaka Kalundu, na kwamba Anatole amempokea. Alitoa ahadi yake kule, kandokando ya mashua, katika lile shati la kaki, ambalo mama yake ilimbidi alishushe pindo maana mtoto amerefuka. Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya watu wote. Nilimsikia akisema “Kwa heshima yangu” bila kukwama hata kidogo. Mtoto bora niliyewahi kupewa, na fulari yake ilifungwa na fundi wa mashua! Nilistahili. Nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Mwaka huu mashindano yalirudi Nyakabere. Nami nilikwenda, mgeni mwenye mvi, kufanya jaribio langu la njiti moja, maana bila hilo sipati fulari. Padri akauliza nani atafunga majani ya pande zote mbili.

“Afunge Neema,” watoto wakasema, wa kwetu na wa Kalundu, kwa sauti moja. Hakuna aliyeuliza sababu.

Aliyafunga mbele yetu, akagawa. Alipofika kwangu akanipa kifurushi changu, kimefungwa kwa lile fundo. Sijui niliogopa nini, labda kuadhibiwa, labda kusaidiwa. Vidole vyangu vikaanza kulitafuta fundo ili nichungulie ndani. Akaniona.

“Ni majani tu, Babu,” akasema.

Nikaviondoa vidole. Nikakiweka kati ya mafiga kama kilivyo, nikapanga vijiti vyangu vibaya vibaya, nikawasha njiti yangu moja. Pakatokea moshi. Pakatokea moshi mwingi. Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, moto ukaniangalia mara moja kwa jicho jekundu, ukafa.

Yalikuwa majani tu!

Watoto wakaangua kicheko, wa pande zote. Nikatazama juu, nikaona Neema naye anacheka, mkono mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

“Babu, utarudia mwaka kesho,” akasema. “Moto hauulizi muntu miaka.”

Nimefeli mambo machache maishani mwangu, ndugu msomaji, na sijawahi kufeli kwa furaha namna ile.

Basi nakuonya, wewe uliyekabidhiwa watoto wa watu, uwe shefu, mwalimu wa kwaya, kocha wa mpira, au shangazi tu. Usiwasaidie kushinda kwa uongo. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usingoje wiki tatu kama mimi. Sema siku hiyo hiyo, sufuria ikiwa bado ya moto. Neno la mtoto ni jepesi mbele ya mvi zetu. Tukinyamaza, tunamponda kwa uzito tuliopewa ili tumkinge.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Bwana akupe nyasi kavu wakati wa mvua, na jirani wa kukunyanyua magoti yakikataa. Akulinde na sifa njema usiyostahili, na mezani pako akuwekee mtu asiyeosha kisu mpaka useme kweli. Moto wako ukiwaka, uwapashe wengi joto; ukizimika, ucheke nao. Amina.